Pumzi ya Mjomba na Pumzi ya Mtungi

Jumamosi hii, inshallah, naondoka Malindi kwenda Maldivi. Siku saba nitalala melini, nitakula melini, na kila siku nitabeba mtungi wa hewa mgongoni mara tatu, pengine nne, nishuke kwenye miamba ambayo kwa miezi minane nimekuwa nikiisoma kwenye ramani tu. Ni mara yangu ya kwanza kwenda safari ya namna hii. Mbizi zangu zote mpaka leo zimekuwa za kwenda na kurudi: asubuhi naondoka ufukweni Watamu, adhuhuri nimeshaoga chumvi, na alasiri niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa kama kawaida.

Tangu habari zienee mtaani, watu wananiuliza swali moja. Wewe si mtoto wa Lamu? Bahari umezaliwa nayo, sasa miezi yote hiyo unajiandaa nini? Wanauliza kwa mapenzi, nami huwajibu kwa ufupi kwa sababu nyuma yao kuna mama amebeba mtoto anayekohoa. Jibu refu ni hili.

Aliyenifundisha kuzamia ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alioa Kizingitini, kisiwani Pate, akakaa huko akivua kamba mawe kwa zaidi ya miaka thelathini. Likizo za shule nilikuwa nikipelekwa kwake, na kwa kuwa nilikataa kubaki jikoni, akawa ananichukua kwenye dau. Hajawahi kuvaa mtungi. Vifaa vyake vilikuwa miwani iliyopasuka kona, mapezi mawili yasiyofanana, na fimbo yenye pweza aliyefungwa nchani. Pweza yule hakuwa chambo. Kamba mawe anamwogopa pweza kuliko anavyotuogopa sisi. Ukimpenyeza pweza upande mmoja wa pango, kamba hutoka mwenyewe kwa upande wa pili, na hapo wavu mdogo unamsubiri.

Yote hayo hufanyika kwa pumzi moja. Mjomba alikuwa akivuta hewa mara tatu taratibu, ya nne anaijaza mpaka mabega yanainuka, kisha anapinduka na kupotea, na mimi niliyeshika ubavu wa dau naanza kuhesabu. Nikifika sabini moyo unaanza kwenda mbio. Akitokeza, kabla hajasema neno, alikuwa akinitazama usoni kuona kama nami nimebana pumzi pamoja naye. Siku zote nilikuwa nimebana. "Bana, mwanangu," alikuwa akisema. "Pumzi ndiyo mali yako huko chini. Ukiiachia umekwisha."

Somo lile lilinikaa. Nilikuja kujua nikiwa na miaka thelathini na moja, kwenye mita 12 za maji ya Watamu, kwamba limenikaa kupita kiasi.

Mwalimu wa skuba, popote alipo duniani, huanza na kanuni moja: usibane pumzi. Hesabu yake ni nyepesi. Hapa juu tunabeba uzito wa hewa, yaani baa moja ya mgandamizo, na kila mita 10 unazoshuka zinaongeza baa nyingine. Mjomba akishuka mita 10 na mapafu yamejaa, hewa ile inabanwa ikabaki nusu. Akipanda, inarudi ilivyokuwa, hakuna kilichozidi. Mimi navuta hewa nikiwa huko huko chini, na regyuleta, kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi, inanipa hewa iliyogandamizwa kulingana na kina nilichopo. Nikiibana kifuani na kupanda kutoka mita 10 mpaka juu, hewa ile itataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ndiyo maana mita chache za mwisho, zile ambazo jua linaonekana na mtu anajiona ameshafika, ndizo zinazopasua mapafu kwa haraka. Pumzi iliyomlisha mjomba na watoto wake sita inaweza kuniua mimi.

Ilikuwa mbizi yangu ya sita. Mwalimu alinionyesha kasa aina ya ng'amba aliyejibanza chini ya jabali, anang'oa sifongo kwa mdomo, vipande vinapeperuka na samaki wadogo wanavigombania. Nilisogea mpaka nikaona mikwaruzo kwenye gamba lake. Nikavuta pumzi ya mshangao, nikaibana. Sikukusudia. Mwili ulifanya kama ulivyozoezwa: kitu kikiwa mbele yako, bana. Sasa mapafu yaliyojaa huelea. Nikaona ng'amba anashuka, kumbe ninayepanda ni mimi. Kompyuta ya kuzamia, ninayoivaa mkononi, ilisoma mita 12, ikasoma 10, ikasoma 8, ikaanza kulia. Nikahisi mkono umeshika pezi langu. Mwalimu alinivuta chini, akanitazama machoni, akaweka vidole vyake mbele ya mdomo na kuvifungua polepole: toa. Nikatoa. Mapovu yakanipita usoni, nikashuka tena.

Kwenye boti hakunigombeza. Tulipofika pwani, ninasuuza vifaa, akauliza, "Kwenu wanavua kamba?" Nikamwambia ndiyo, Kizingitini. Akasema wanafunzi wa kutoka visiwani huwatambua kwa jambo hilo moja. Maji hawayaogopi, miwani wanaivua chini na kuivaa tena bila wasiwasi wowote, lakini pumzi huwachukua muda.

Kwa hiyo maandalizi yangu makubwa hayakuwa ya kununua kitu. Ilikuwa ni kuufundisha mwili wangu pumzi ya pili. Kila jioni nikifunga duka nimekuwa nikitembea kutoka gatini mpaka nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Navuta hewa kwa hatua nne, naitoa kwa hatua nane, na katika kuitoa naweka "Subhanallah" ndefu ya kooni. Chini ya maji ni hivyo hivyo. Mdomo una regyuleta, lakini koo linaweza kunguruma, na mtu anayenguruma hawezi kubana pumzi. Mwanzo mtungi wa baa 200 ulikuwa ukiniishia baada ya dakika thelathini na tano. Sasa nafika hamsini na nikipanda bado nimebakiza baa 50 za akiba. Hakuna kifaa chochote dukani ambacho kingenipa dakika hizo kumi na tano.

Kwa nini Maldivi na si Bahari ya Shamu, ambako wazamiaji wengi wa Ulaya hufanyia safari yao ya kwanza ya kulala melini? Sababu moja ni pepo. Kaskazi inayotupulizia sisi kuanzia Desemba hadi Machi ndiyo inayopuliza kule pia. Wao huiita iruvai, na Kusi huiita hulhangu. Wakati wa Kaskazi mkondo hupiga kutoka mashariki. Maji maangavu huingia kwa milango ya upande huo, yaani mapito kati ya miamba inayozunguka visiwa, na papa hukusanyika mlangoni; upande wa magharibi, yanakotokea maji yaliyobeba chakula, ndiko pungu, wale taa wakubwa, wanakokwenda kula. Mtu aliyekua akiona maji yanavyoingia na kutoka kwenye mlango wa Mkanda kwetu Lamu hahitaji kuchorewa jambo hilo.

Sababu nyingine ni ya moyoni. Msafiri wa kale Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na miwili baadaye alikuwa kadhi huko Maldivi. Visiwa vile viliuza kauri na kamba za makumbi kwenye bandari za Bahari ya Hindi, na mtepe wetu, jahazi lisilo na msumari, ulishonwa kwa kamba za makumbi vilevile. Nimetazama picha za dhoni, mashua zao, omo imeinuka na kupinda juu, nikahisi kama naangalia picha ya jamaa wa mbali ambaye uso wake umefanana na wa bibi. Na dhoni hizo bado zina kazi: meli kubwa ni ya kula na kulala tu, mitungi na kompresa na vifaa vyote hukaa kwenye dhoni inayofuata nyuma, na kila mbizi huanzia humo.

Meli niliyoipata ilitaka cheti cha pili, kile kinachomruhusu mtu kufika mita 30, ambazo pia ndio mwisho wa sheria kwa watalii kule. Ilitaka na mbizi zisizopungua 30 kwenye daftari. Mwezi wa Mei, nilipolipa arubuni kwa zamu yangu ya chama, nilikuwa na 14. Na Mei ndio mwezi mbaya wa kuanza kuhesabu mbizi huku kwetu. Kusi imeingia, bahari imechafuka, vituo vya Watamu vingi vimefunga. Hapa Malindi mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huleta udongo mpaka maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na hata ndani ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu kabla ya nyingine yoyote Kenya, huoni mkono wako mwenyewe. Nikangoja. Septemba nikaanza tena, kila Jumapili, na wiki iliyopita nilitia mbizi ya 33.

Wako wanaojaza daftari harakaharaka kwa kuzama mahali pamoja penye maji matulivu. Mimi nilimwomba mwalimu anipeleke kwenye mkondo kila alipoona pana usalama, hata kama nitazama mara chache zaidi. Maldivi ni mikondo. Unaingia majini mahali pamoja na kutokea pengine kabisa, na dhoni inakutafuta kwa kuangalia boya lako.

Boya hilo ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Ni mfuko mrefu wa rangi ya chungwa, umefungwa uzi ulioviringishwa kwenye gurudumu dogo. Ukiwa mita 5 chini, mahali unapongoja dakika tatu kabla ya kutoka, unalitia hewa kidogo na kuliachia liende juu huku uzi ukifunguka mkononi. Mara ya kwanza uzi ulinasa kwenye kidole gumba. Boya lilinivuta kama samaki aliyenaswa, na kama si kuuachia uzi wote ningefika juu kabla ya wakati. Niliporudi nyumbani nikafanya mazoezi sebuleni, feni imewashwa kwa nguvu iwe ndio mkondo, macho nimeyafumba. Halafu siku moja mkono ukakumbuka wenyewe. Mjomba hazungushi mshipi mkononi hata siku moja. Anaushika kwa ncha za vidole viwili, na samaki akivuta kwa nguvu, vidole vinafunguka. Nikashika gurudumu la boya vivyo hivyo. Tangu siku hiyo halijanivuta tena. Kwa hiyo yapo mengi ya mjomba ninayokwenda nayo Maldivi.

Kuna jambo ambalo naona watu wa safari hizi hawalizungumzi inavyotakiwa, nalo ni usingizi. Mchana mzamiaji anajilinda mwenyewe. Usiku amelala chini ya sitaha, na maisha yake yako kwa wengine. Tarehe 2 Septemba 2019 meli ya wazamiaji iitwayo Conception ilishika moto usiku pwani ya California. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa wote. Waliookoka ni mabaharia watano waliokuwa juu. Uchunguzi ulieleza kwamba hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka chomboni usiku ule. Niliisoma habari hiyo mpaka mwisho, kisha nikaandika barua pepe kwa wenye meli yangu, na maswali yangu hayakuwa ya papa. Nani anakaa macho usiku? Kutoka chumbani kwangu kuna njia ngapi za kufika juu, na ya pili inafunguka wapi? Betri za kamera na tochi zinachajiwa wapi, na ni nani anayeziangalia? Makoti ya kuokolea yako wapi? Walinijibu moja moja, pamoja na picha ya mlango wa dharura. Wangenijibu kwa mkato ningeomba arubuni yangu, hata kama ingepotea nusu. Sisi wa visiwani tunapanda vyombo tangu hatujaota meno, na kwa mazoea hayo hatuulizi koti la kuokolea liko wapi. Nimejifunza kuuliza, na hata boti ya kwenda Mokowe sasa nauliza.

Upande wa dawa ndio kazi yangu, na hapa nitasema zaidi.

Masikio kwanza. Mjomba anasikia kwa sikio moja. Miaka ya nyuma alizama akiwa na mafua, maumivu yakazidi, akayalazimisha, sikio likalia paa na maumivu yakaisha. Wenzake wakamwambia sasa ameshakuwa mzamiaji. Mimi ninayeuza dawa za masikio najua kilicholia ni ngoma ya sikio. Masikio husawazishwa mapema na mara kwa mara: unabana pua, unapuliza taratibu, kila unaposhuka kidogo na kabla hujasikia maumivu. Yakikataa, unapanda kidogo na kujaribu tena. Yakiendelea kukataa, mbizi hiyo imekwisha. Watu huja dukani kuniomba dawa ya kupuliza puani ili wakazame na mafua yao, na huwa siwapi kabla sijawaeleza: dawa hiyo ina muda wake, na ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyoingia ndani ya sikio inakosa njia ya kutokea wakati wa kupanda. Katika safari ya kulala melini kuna na shida ya pili, ya masikio kukaa na unyevu siku nzima kwa juma zima mpaka ngozi ya ndani inaota maradhi. Nimechukua matone ya kukausha sikio baada ya kila mbizi. Hayo ni kwa aliye na sikio zima tu. Mwenye tundu asiyaguse.

Dawa ya kichefuchefu nimeijaribu nchi kavu, siku ambayo sikuwa na kazi. Sinarizini hunilaza usingizi kwa saa mbili, na ni bora nimelijua hilo kitandani kwangu kuliko kulijua kwenye mita 20. Nitaimeza usiku. Maji ya kunywa nimeshaanza kuyazidisha. Fomu ya afya nimeijaza kwa ukweli na daktari ameitia sahihi, ingawa najua wako wanaoficha pumu yao ili wasikataliwe.

Na malaria. Maldivi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kuwa haina malaria, kwa hiyo kule siendi kuipata. Lakini mimi natoka Malindi. Nikipata homa siku ya tatu melini, daktari wa kule hatawaza malaria hata kidogo, na itakuwa imetoka nami nyumbani. Nimeandika kwenye karatasi, kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, mahali ninapotoka, na nimeiweka pamoja na bima ya uzamiaji. Yeyote wa pwani hii anayesafiri nje afanye hivyo, azame asizame.

Kuhusu nitrojeni, kompyuta ndiyo inayohesabu, lakini mwenye mwili ni mimi. Kila mbizi inaingiza nitrojeni mwilini, ambayo ukipanda haraka hugeuka mapovu yenye madhara, na usiku mmoja hautoshi kuitoa yote, hivyo siku ya tano si sawa na siku ya kwanza. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina vijana waliopooza miguu kwa kufuata jongoo bahari na mitungi bila kufundishwa kupanda taratibu. Nimesomea naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa sababu hiyo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mtungi wa naitroksi nitakaotumia utakuwa na 32, kwa hiyo nitrojeni inapungua. Sharti lake ni kwamba oksijeni nyingi inakuwa sumu kwenye kina, na kwa asilimia 32 mwisho ni kama mita 33. Ninalolipenda zaidi ni utaratibu wake: kila mtu anapima mtungi wake kwa mkono wake, anaandika asilimia na kina cha mwisho kwenye utepe, anatia sahihi. Hakuna anayempimia mwenziwe. Dukani kwangu dozi ya mtoto husomwa mara mbili kabla haijatoka, kwa hiyo hapo nilijiona niko nyumbani.

Wanawake wenzangu wananiuliza mambo ambayo hawamwulizi mwalimu wa Watamu, nami nayajibu waziwazi. Suti ya kuzamia ni ya mwili mzima na ina kofia inayofunika nywele. Juu yake navaa kanzu nyepesi mpaka wakati wa kuingia majini. Niliomba chumba cha kushirikiana na mwanamke, nikakipata bila mjadala. Mabaharia wa Maldivi ni Waislamu, kibla wanakijua na chakula ni halali. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na nimeshaangalia ratiba ya mbizi ikanionyesha kwamba alfajiri tu ndiyo itakayonihitaji niwahi kuamka, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi nikiwa baharini.

Begi lenyewe halina maneno mengi. Ni la kitambaa, lisilo na magurudumu, kwa sababu chumba hakina pa kuweka sanduku gumu. Viatu vinavuliwa siku ya kwanza na kurudishwa siku ya mwisho. Nina cheti cha homa ya manjano, ambacho anayetoka Kenya hawezi kuingia bila hicho, na fomu ya IMUGA, ya kuingilia Maldivi, nitaijaza mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kufika. Viza ni bure, wanagonga muhuri pale pale. Mbizi ya mwisho ni asubuhi na ndege ni kesho yake mchana, zaidi ya zile saa 18 ambazo mzamiaji hutakiwa kungoja kabla ya kupanda ndege. Vifaa vyangu mwenyewe ni vitatu tu: kompyuta, boya na miwani. Miwani mpya hutoka kiwandani na utando mwembamba unaotia ukungu kwenye kioo. Nimeisugua kwa dawa ya meno mara nne, kwa kidole, mpaka kidole kikalia kwenye kioo kama sahani iliyooshwa vizuri. Mengine nitakodi huko.

Nilidhani nimemaliza. Kisha mjomba akaja Malindi kutibiwa macho, akafikia kwangu.

Usiku wa kwanza nilimwonyesha tiketi, ramani, picha za dhoni. Alizitazama kwa muda mrefu, akaisogeza simu karibu na taa. Hakuuliza bei wala hakuuliza papa. Aliuliza, "Siku ya kuingia majini, mwezi ngapi?"

Sikujua. Nilijua tarehe, nilijua saa ya ndege, nilijua asilimia ya oksijeni. Mwezi sikuutazama. Mjomba akahesabu kwa vifundo vya vidole, kuanzia mwandamo aliouona mwenyewe Kizingitini. "Utaingia mwezi kumi na mbili," akasema. "Kumi na tano, kumi na sita, uko katikati ya safari. Bamvua hiyo." Akanyamaza. "Kwenye mlango."

Bamvua ndizo siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mlangoni mkondo huwa mkali. Nikaona haya. Mtoto wa Lamu mzima nimekata tiketi ya kwenda kwenye milango ya maji bila kuuliza mwezi. Usiku ule ule niliandika kwa kiongozi wa mbizi wa melini, na asubuhi akanijibu kwamba hesabu ni kweli, kwamba siku hizo mbili wataingia mlangoni maji yakikaribia kusimama, na kwamba mwenye mbizi chache kama mimi anaweza kubaki ndani ya mzingo wa miamba siku hizo, mbali na mlango, hakuna atakayemtazama vibaya. Mkondo ule ndio unaoleta papa, akaongeza. Nimeamua siku ya kwanza ya bamvua nitabaki, niyatazame maji kutoka juu ya dhoni. Ya pili nitaamua nikishayaona. Mjomba aliposikia alitikisa kichwa tu, akaomba chai.

Jumapili nilimchukua Watamu kwenye mbizi yangu ya mwisho. Nilipotoka, alikuwa amesimama majini mpaka magotini, amekunja kikoi, anautazama mtungi. Mwalimu akasema anaweza kujaribu, pale pale, uso tu. Nikamvalisha miwani yangu mpya. Akaitemea mate kwanza na kuisuuza, kama alivyofanya maisha yake yote. Nikamtia regyuleta mdomoni, nikamshika mkono, akapiga magoti na kuinamisha uso.

Nilisikia akivuta. Mara moja, mbili, tatu, taratibu. Ya nne akaijaza, mabega yakainuka.

Kisha kimya. Hakuna povu lililotoka. Mgongo wake ulikuwa umetulia kabisa, mikono inaelea, na mimi, bila kujijua, nilikuwa nimeanza kuhesabu. Kumi. Ishirini. Nikainama karibu na sikio lake lile zima, nikamwambia, "Toa, mjomba."

Hakutoa. Nikampapasa mgongoni kama mtoto. "Toa. Ipo nyingine."

Povu moja likapanda, halafu yakaja mengi.